Akili za Mazimwi

Nyumba ikiisha kujengwa, wapita njia husifu kuta na paa. Msingi hausifiwi na mtu. Ndivyo zilivyo programu za kompyuta. Mchezaji huliona zimwi likimjia, lakini hayaoni maagizo yanayolionyesha njia. Habari hii ni ya maagizo hayo, na ya watu waliothubutu kuyapanga upya.

Mnamo mwaka 1980, vijana wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Cruz, Michael Toy na Glenn Wichman, walibuni mchezo ulioitwa Rogue. Baadaye Ken Arnold wa Berkeley alishirikiana nao. Mchezo huo haukuwa na picha. Shujaa alikuwa alama ya @, na mazimwi yalikuwa herufi kubwa, tangu A hata Z. Kompyuta ilichora mapango mapya kila mchezo ulipoanza, na aliyekufa hakufufuka. Akili za mazimwi zilikuwa haba: mengi yalimfukuza shujaa tu, na popo aliruka ovyo.

Mwaka 1982, Jay Fenlason, mwanafunzi wa shule ya sekondari katika jimbo la Massachusetts, alitaka kutunga mchezo wa jamii hiyo pamoja na wenzake. Watungaji wa Rogue hawakumpa maagizo ya programu yao. Basi aliandika yake tangu mwanzo, akaiita Hack. Mwaka 1984, Andries Brouwer wa Amsterdam aliutengeneza zaidi mchezo huo na kuueneza. Katika Hack iliyotoka mikononi mwake, shujaa alifuatana na mbwa mdogo. Mbwa huyo hakuweza kuongozwa kwa maagizo ya mazimwi. Zimwi hutaka kuua. Mbwa hutaka kumfuata bwana wake, kula, na pengine kuchukua kitu dukani bila kulipa. Kwa hiyo mambo ya mbwa yaliandikwa mahali pake peke yake.

Lakini hapo pana hatari. Kila kiumbe kipya kikipewa maagizo yake mbali, programu hugeuka kichaka. Mtungaji hurekebisha popo, akamharibu mbwa bila kujua. Mchezo wa Angband, ulioanzwa mwaka 1990 katika Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, ulipita katika mikono ya watu wengi. Katika miaka ya 1990, Ben Harrison alijitwika mzigo wa kuyasafisha maagizo yake. Baada ya usafi huo, wengi walitunga michezo mingine juu ya msingi ule.

Mwaka 2009, Brian Walker alitoa mchezo uitwao Brogue. Katika kuongoza viumbe vyake alitumia hesabu ambayo Edsger Dijkstra aliitangaza mwaka 1959. Mahali aliposimama shujaa huandikwa 0. Hatua ya jirani huandikwa 1. Ya pili yake 2, na kuendelea hata pembe za mwisho za pango. Kila kiumbe hutazama namba zinazokizunguka, kikakanyaga iliyo ndogo kuliko zote. Ramani moja hutosha viumbe mia. Je, kiumbe kiogopacho kitakimbiaje? Namba zile huzidishwa kwa -1.2, kisha ramani hukokotolewa tena. Kiumbe hakitajibanza tena pembeni kungoja kifo. Pengine kitampita shujaa ubavuni ili kiufikie mlango uendao mbali. Hivyo tamaa ya kiumbe ilitengwa na njia yake, na kila moja yaweza kutengenezwa bila kuiharibu nyingine.

Mwanafunzi asidhani kwamba kazi hii ni nyepesi. Mtungaji afanyaye kazi peke yake aweza kutumia wiki nyingi kupanga upya maagizo, na mwisho wake mchezo ukawa vile vile machoni pa watu. Rafiki zake watamwuliza alichofanya, naye hatakuwa na kitu cha kuwaonyesha. Hata hivyo wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mazimwi ya Angband yangali yakiwinda mashujaa mapangoni zaidi ya miaka 30 tangu yalipozaliwa, kwa sababu walikuwapo watu waliokubali kufanya kazi isiyoonekana.