Ukuta Unaobeba na Ukuta Usiobeba: Nyumba za Eastlands

Haya, leo nimeweka programu kando. Wiki iliyopita mama aliniuliza: tuongeze ghorofa juu ya nyumba yetu ya Dandora, ama tuache? Majirani karibu wote wameongeza. Mimi si injinia, lakini kazi yangu imenifunza kwamba kabla ya kupandisha kitu juu ya mfumo wa zamani, uulize kwanza uliundwa ubebe nini. Basi nikaingia kwenye historia.

Tuanze Pumwani. Miaka ya 1920 wakuu wa mji waligawa viwanja, wenyeji wakajijengea nyumba za Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. (Wanawake wengi walikuwa na nyumba zao hapo, habari ambayo shuleni sikuisikia kamwe.) Nguzo za miti ndizo zilizobeba paa. Fito na udongo vilijaza nafasi tu, kwa hiyo udongo ukibomoka, nyumba bado imesimama.

Kaloleni, ya miaka ya 1940, ni kinyume chake. Wakoloni walileta wazo la mji wa bustani kutoka Uingereza: nyumba za chini, nyasi, na ukumbi wa jamii katikati ya mtaa. Hapo hutaona nguzo. Ukuta wa mawe wenyewe ndio unaobeba: uzito wa vigae unashukia ukutani, na ukuta unaupeleka kwenye msingi. Toboa dirisha bila kuweka linta uone mawe ya juu yatakavyopasuka.

Sasa kwetu. Mradi wa Dandora ulianza 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ploti kama 6,000. Ulipewa choo, bafu, maji na bomba la maji taka. Vyumba ujenge mwenyewe kadiri mfuko unavyoruhusu. Mimi nalipenda wazo hilo mpaka leo. Lakini michoro ilikuwa ya nyumba za chini, kuta za kubeba paa la mabati. Halafu wapangaji wakaja, na kodi ikawa tamu.

Ghorofa ya kweli hutaka fremu ya zege. Slabu inapeleka uzito kwa boriti, boriti kwa nguzo, nguzo kwa msingi, na ukuta unabaki kugawa vyumba tu. Ni mtindo mzuri kabisa, mradi nondo na simiti zisipunguzwe na msingi ulingane na udongo. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa sita lilianguka pale Huruma, likaua watu zaidi ya 40. Lilikuwa kando ya mto, na lilikuwa limeshatiwa alama libomolewe.

Jumamosi mimi na fundi tulichimba kando ya ukuta wetu. Futi mbili hivi, mawe matupu, hakuna chuma hata kimoja. Fundi akasema kupanda juu ni kuanza upya: nguzo mpya kutoka chini, msingi wake mpya. Nikamtajia mama bei.

Akanyamaza, akatazama ghorofa nne za jirani, nguo za wapangaji zikining'inia kila sakafu.

"Na huyu alichimba?" akauliza.

Fundi akacheka kidogo, akaanza kufukia shimo.

"Basi tupake rangi," mama akasema.