Kumpima Mkimbiaji Angali Mbichi

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Katika miaka yangu ya ualimu na ya ukuu wa shule niliisikia methali hii mara nyingi sana, na aghalabu aliyeitumia alikuwa ameshaona mchana. Mtoto akisha kuwa daktari, jirani hukumbuka kwamba alikuwa mwerevu tangu utotoni. Kijana akisha kushinda mbio ng'ambo, kila mwalimu aliyepata kumfundisha husema, "Mimi nilimwona mapema." Swali ninalotaka kulitazama katika kurasa hizi ni jingine. Asubuhi yenyewe, kabla mambo hayajapambazuka, nani huiona nyota hiyo? Na huiona kwa kipimo gani?

Ndugu msomaji asidhani kwamba hili ni jambo la wapenda michezo tu. Popote vijana wanapochaguliwa, mmoja huingia na wengi hurudi nyumbani. Anayeingia tutasikia habari zake. Wanaorudi hakuna anayeandika historia yao, ingawa huenda miongoni mwao yumo aliye bora kuliko yule aliyeingia.

Hapa kwetu, katika miteremko ya Mlima Meru, kupima watoto hakukuanza na saa. Watu wa rika langu tunakumbuka jinsi mtoto alivyoandikishwa darasa la kwanza. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa adimu, kwa hiyo mwalimu alimwambia mtoto apitishe mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. Aliyelifikia aliandikwa. Asiyelifikia aliambiwa arudi mwakani. Kipimo hicho hakikuwa cha kipuuzi, maana mikono ya mtoto hurefuka kadiri anavyokua. Lakini kilipima mkono, hakikupima kichwa. Mtoto wa mikono mifupi alirudi kuchunga mbuzi mwaka mzima, na wapo waliorudi wasionekane tena shuleni.

Waarusha na Wamaasai walikuwa na upimaji mwingine wa vijana, wa zamani zaidi kuliko shule. Kila rika huwa na msemaji na kiongozi wake, laigwanani, ambaye wazee humchagua angali kijana. Huuliza habari za nyumba alimotoka. Hutazama kama mwili wake hauna kasoro. Husikiliza anavyosema na wenzake na kama wenzake humsikiliza. Hapana shaka wazee nao huweza kukosea, na mwamba ngoma ngozi huvuta kwake. Lakini katika desturi ile liko jambo moja ambalo kamati zetu za uteuzi hazinalo. Rika la vijana lina wazee walezi, nao hawaondoki baada ya kuchagua. Huwaongoza vijana wale miaka mingi, huwaonya, huwaadhibu na huwajibika kwa mwenendo wao. Kwao kuchagua na kulea ni kazi moja.

Sasa niseme juu ya mbio, kwa kuwa ndizo zilizoupatia mkoa wetu sifa duniani. Sisi tuliotoka vyuo vya ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu wa darasa ni mwalimu wa michezo pia. Uwanja ulichorwa kwa majivu au chokaa, watoto walikimbia miguu mitupu, na saa ya mwalimu mkuu ndiyo iliyokuwa saa ya mashindano. Washindi wa shule walikwenda wilayani, wa wilaya mkoani, na wa mkoa taifani. Huo ndio mpango wa UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari. Ni mpango mzuri, kwa sababu umefika vijijini ambako hakuna klabu wala kocha. Ulipokuja kusimamishwa kwa miaka kadhaa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla ya kurudishwa, watoto wa miaka ile walikua bila kupimwa na mtu yeyote.

Lakini mpango huo una tabia moja ambayo nimeitafakari sana tangu nistaafu. Unachagua kwa siku moja. Nakumbuka mvulana mmoja wa darasa la saba aliyetoka juu, karibu na msitu. Katika mchujo wa wilaya alishika nafasi ya nne, nao waliotakiwa walikuwa watatu. Asubuhi ile alikuwa ameteremka kwa miguu tangu kabla ya alfajiri, ilhali wenzake walilala karibu na uwanja. Hakuna aliyeuliza habari hiyo, wala karatasi ya matokeo haikuwa na mahali pa kuiandika. Alirudi kwao, akamaliza shule, akashika jembe. Sidai kwamba angekuwa bingwa wa dunia. Nasema tu kwamba hatukupata kujua, na kutojua huko kulitokana na namna ya kupima.

Ili tuone ukubwa wa jambo hili, tumtazame Filbert Bayi. Alizaliwa Karatu mwaka 1953, wakati Karatu ikiwa sehemu ya Mbulu. Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 19, alipelekwa kwenye Michezo ya Olimpiki mjini Munich. Alikimbia mita 1500 na mita 3000 za kuruka viunzi na maji, na kote kuwili alitolewa katika mchujo wa kwanza. Mpimaji wa siku moja angekunja daftari lake hapo na kuandika, "Hafai." Januari 1973, miezi michache tu baadaye, kijana yuleyule alimshinda Kipchoge Keino wa Kenya katika mita 1500 za Michezo ya Afrika mjini Lagos. Na tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, alitangulia mbele tangu mwanzo, hakungoja mtu, akamaliza mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Ilikuwa rekodi mpya ya dunia. John Walker, mwenyeji wa nchi ile, alimkaribia sana hata naye akaivunja rekodi ya zamani ya Jim Ryun. Rekodi ya Bayi ilidumu mpaka mwaka 1979 Sebastian Coe alipoipita, na ile ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilikaa hadi mwaka 2022.

Kati ya Munich na Christchurch ni miezi kumi na saba tu. Miguu ilikuwa ileile. Tofauti ni kwamba baada ya Munich hakutupwa. Alikuwa mwanajeshi, akaendelea kupata mazoezi, chakula na mashindano. Jeshi lilimfanyia kazi ile ambayo wazee walezi hulifanyia rika.

Tumtazame na John Stephen Akhwari wa Mbulu. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alianguka, akaumia goti, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa mwisho kati ya watu 57 waliomaliza. Dunia humkumbuka kwa mguu wake uliofungwa bandeji. Wachache hukumbuka kwamba miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni. Karatasi ya Mexico ingesema wa mwisho. Kumbe ndani ya karatasi hiyo kulikuwa na kitu ambacho saa haikipimi, yaani ukaidi wa kutokubali kuacha. Mkimbiaji wa mbio ndefu asiye na ukaidi huo, hata awe na mapafu ya farasi, hafiki mbali.

Huenda msomaji akasema kwamba shida hii ni yetu maskini, tusio na vifaa. La hasha. Iko nchi yenye vifaa vyote, Australia, na mchezo wake wa mpira wa yai, wachezaji 18 kila upande katika uwanja wa duara refu. Tangu mwaka 1986 ligi kuu ya mchezo huo hufanya uteuzi wa vijana kila mwaka. Timu huchagua kwa zamu, na iliyoshika mkia ndiyo hupewa nafasi ya kwanza, ili wanyonge nao wainuke. Kabla ya siku hiyo vijana hupimwa kila namna: mbio za mita 20, kuruka juu, mbio za kilomita mbili, tena huhojiwa kama waombaji wa kazi. Kuna watu ambao kazi yao ya mwaka mzima ni kuzunguka viwanjani na daftari.

Na matokeo yake? Mwaka 1987 kijana aliyechaguliwa wa kwanza kabisa, Richard Lounder, alicheza mechi nne tu katika timu iliyomchagua. Mwaka 1990 vijana 78 walichaguliwa kabla ya mtu kumtaja James Hird, nafasi ya 79. Huyo wa 79 mwaka 1996 aligawana na mwenzake medali ya mchezaji bora wa ligi, na mwaka 2000 aliiongoza timu yake kuchukua ubingwa. Yuko na mwingine anayetuhusu kidogo. Aliir Aliir alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini. Alichaguliwa wa 44 mwaka 2013, na mwaka 2021 aliingizwa katika kikosi cha wachezaji bora wa msimu mzima. Basi hata wenye saa na mashine huiona nyota baada ya jua kuchomoza.

Kwa nini wapimaji hukosea hivi? Sababu moja ni kwamba jicho hupenda mwili uliokwisha kukua. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Kanada waligundua kwamba wachezaji wengi wa mpira wa magongo wa barafuni katika timu za juu walizaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka. Hawakuwa na kipaji zaidi. Walipokuwa wadogo waliwazidi wenzao wa darasa moja kwa miezi kadhaa, wakaonekana wakubwa, wakachaguliwa, wakafundishwa zaidi, na mwisho wakawa bora kweli. Uchaguzi wenyewe ndio uliowafanya bora.

Sisi tumelizidisha kosa hilo. Kila mwalimu wa michezo anawajua vijeba, vijana waliopunguziwa umri karatasini ili washindane na watoto, na mamluki wanaovalishwa sare ya shule wasiyosoma. Watu hulaani udanganyifu huo kwa sababu huharibu matokeo. Mimi naona hasara yake kubwa iko kwingine. Kijeba akishinda, anamfukuza uwanjani mtoto halisi wa miaka 14 ambaye wakati wake haujafika. Kikombe kinakwenda shuleni, na mkimbiaji anakwenda shambani.

Wasichana nao huchujwa hata kabla ya kufika uwanjani. Msichana anayeteka maji na kupika jioni hawezi kubaki mazoezini, na akifika umri wa miaka 15 watu wa nyumbani huanza kuuliza mbio zinamsaidia nini. Mwaka 2023 Magdalena Shauri alikuwa wa tatu katika marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Kila nionapo matokeo kama hayo hujiuliza ni wangapi waliokuwa mbele yake shuleni, waliotolewa na ndoo ya maji.

Je, tuache kuchagua? Haiwezekani. Basi la kwenda mkoani lina viti vyake, na bajeti ina mwisho wake. Lakini kuna mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa mwalimu yeyote, hata asiye na saa. La kwanza, apime mara nyingi, aandike, alinganishe mtoto na mtoto yuleyule wa mwaka jana. Anayeendelea kupungua muda wake ni wa kutazamwa kuliko anayeshinda bila kubadilika. La pili, aulize habari za nyumbani kama wazee wanaomtafuta laigwanani: anatoka umbali gani, amekula nini, nani anamtegemea. La tatu, wa nne na wa tano asiwafute. Awaandike jina, awaite tena mwakani.

Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida ambaye amefanya mazoezi yake mengi hapa Arusha, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na ilibidi picha itumike kuwatenganisha. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Simbu alikuwa na umri wa miaka 33. Alikuwa ameshika nafasi ya tano katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 na ya tatu London mwaka 2017, na katika miaka minane iliyofuata wangeweza kutokea watu wa kumwambia kwamba wakati wake umepita.

Methali ya wahenga siikatai. Naomba tu isomwe polepole. Nyota njema huonekana asubuhi na yule aliyeamka mapema, akakaa nje, akastahimili baridi ya Meru mpaka mawingu yakaondoka. Anayechungulia mara moja dirishani na kurudi kitandani asije akasema hakukuwa na nyota.