Mitaa ya kale ya Eastlands: Nani atarudi maghorofa yakishasimama?

MITAA ya Kaloleni, Bahati, Mbotela, Maringo na Jericho ni miongoni mwa mitaa mikongwe ya makazi katika eneo la Eastlands, mashariki mwa katikati ya jiji la Nairobi. Mingi yake ilijengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati wa ukoloni, na wakazi wake wengi ni wapangaji wa Kaunti ya Nairobi, iliyochukua nafasi ya Baraza la Jiji mwaka 2013.

Kwa miaka mingi sasa, kumekuwa na mipango ya kuibomoa baadhi yake na kujenga maghorofa. Ni wachache wanaokana kwamba mitaa hii imechakaa. Suala zito ni hatima ya mpangaji atakayehama ili kupisha ujenzi.

Kabla ya vita hivyo, watawala wa kikoloni walimchukulia Mwafrika kuwa mpita njia mjini. Aghalabu alitengewa mahali pa kulala yeye peke yake, huku mkewe na watoto wakitarajiwa kubaki mashambani.

Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya arobaini, ulikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza kuvunja desturi hiyo kwa kukusudiwa familia. Nyumba zake za chini zilipangwa kuzunguka viwanja vya wazi, pamoja na ukumbi wa jamii. Wazo la mtaa wenye huduma zake karibu lilipewa uzito katika mpango mkuu wa Nairobi wa 1948.

Ukumbi wa Kaloleni ulikuja kuwa na sifa ya pekee, kwani humo ndimo ilimofanyika mikutano ya kisiasa kabla ya Kenya kujitawala. Majina ya mitaa mingine nayo yamebeba historia. Mbotela ulipewa jina la Tom Mbotela na mitaa ya Ofafa jina la Ambrose Ofafa, viongozi wa Kiafrika waliouawa wakati wa Hali ya Hatari.

Familia ziliongezeka lakini nyumba zikabaki zile zile. Wapangaji waliamua kujiongezea nafasi wenyewe kwa kujenga vyumba vya mabati na mbao uani na mbele ya nyumba. Vingine hulaza watoto waliokua, vingine hupangishwa, na vingine hugeuzwa maduka.

Nyongeza hizo zimewasitiri wengi na kuwapa kipato. Hata hivyo, zimemeza sehemu ya viwanja vya wazi na kuyalemea mabomba ya maji na majitaka yaliyowekwa kwa ajili ya watu wachache zaidi.

Hapo ndipo penye hoja ya wanaotaka maghorofa: ardhi hii iko karibu na katikati ya jiji, ilhali inabeba nyumba chache. Mfano ulio karibu ni Pangani, nje kidogo ya Eastlands. Huko familia 48 zilihama kupisha ujenzi ulioanza mwaka 2020 wa zaidi ya nyumba 1,500, kwa ubia wa kaunti na mwekezaji binafsi. Familia hizo ziliahidiwa kupewa kipaumbele katika nyumba mpya.

Kwa hesabu hiyo, nafasi ya nyumba moja ya zamani inachukuliwa na zaidi ya 30. Hivyo, kuwarudisha wenyeji wote hakuhitaji hata nyumba moja kati ya 20 zinazojengwa. Kikwazo hakiwezi kuwa uhaba wa nafasi. Ni bei, na uthabiti wa ahadi.

Mpangaji wa kaunti hana hatimiliki, hata kama wazazi wake waliishi katika nyumba hiyo hiyo. Anayeishi katika chumba cha nyongeza yuko pabaya zaidi, kwani huenda jina lake halimo katika daftari lolote la kaunti.

Mahakama imewahi kuingilia kati suala la makazi. Wakazi wa Muthurwa, mtaa wa zamani wa wafanyakazi wa reli, walifika katika Mahakama Kuu mwaka 2010 kupinga kufurushwa. Katika uamuzi wa 2013, mahakama ilisema haki zao zilikiukwa, ikirejelea Kifungu cha 43 cha Katiba kinachompa kila mtu haki ya makazi ya kufaa. Mwaka 2016, sheria ya ardhi ilirekebishwa na kudai ilani ya maandishi ya angalau miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu kwenye ardhi wanayoikalia bila idhini.

Ilani, hata hivyo, hueleza namna ya kuondoka tu. Namna ya kurudi hutegemea mkataba. Kabla ya kukabidhi ufunguo, yafaa mpangaji awe na hati yenye jina lake, ukubwa wa nyumba atakayopewa, bei au kodi yake, msaada wa kodi katika kipindi cha ujenzi, na hatua atakazochukua endapo ujenzi utakwama. Wanaoishi katika vyumba vya nyongeza nao wahesabiwe mapema, kabla ya tingatinga kuwasili.

Viwanja vya wazi na kumbi za jamii pia vitajwe katika ramani mpya. Mtaa ulioanzishwa ili Mwafrika aishi mjini na jamaa yake hautakuwa umefufuliwa iwapo jamaa hao watatawanyika.