Mtu aliyesahau kila siku, na wale waliomuuliza maswali

Wiki hii hatuongelei vita wala marais. Tunaleta historia ya ubongo, kwa sababu kuna mama mmoja hapa kambini alituuliza swali likatunyima usingizi. Tutalisema mwisho.

Mwaka 1950 Brenda Milner, mzaliwa wa Manchester, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha McGill, mjini Montreal. Mwalimu wake, Donald Hebb, alimtuma kwa Wilder Penfield, daktari aliyekuwa anapasua ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Swali la Brenda lilikuwa fupi: mtu akiondolewa kipande cha ubongo karibu na sikio, anapoteza nini? Siku hizo wataalamu wengi walidhani kumbukumbu haina mahali pake, eti imesambaa ubongo mzima. Lakini Brenda akakuta wagonjwa wawili wenye akili zao timamu, ila baada ya kupasuliwa hawakumbuki mambo mapya.

Huko Hartford, Marekani, kulikuwa na kijana Henry Molaison. Kifafa kilimsumbua tangu utoto mpaka kazi ikamshinda. (Na tukumbushane: kifafa ni ugonjwa wa ubongo, hauambukizi kwa kula sahani moja. Acheni kuwatenga wenzetu.) Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, daktari William Scoville alimpasua na kuondoa sehemu ya ndani ya ubongo, pande zote mbili. Kifafa kikapungua sana. Lakini Henry akawa hashiki jambo jipya. Utoto wake anaukumbuka, ila ukiongea naye, ukatoka nje kidogo na kurudi, anakusalimia kama mgeni.

Scoville aliposikia habari za wale wagonjwa wawili, akawasiliana na Penfield. Basi mwaka 1955 Brenda, sasa ameshamaliza shahada, akapanda treni ya usiku kwenda Hartford. Alimpa Henry namba 584 aishike kichwani. Dakika kama kumi na tano Henry anairudia kimoyomoyo, anaishika vizuri. Walipogusia jambo lingine tu, namba ikapotea, hata kupewa namba hakumbuki.

Halafu akampa kazi ya kuchora nyota huku anauona mkono wake kwenye kioo tu. Jaribuni, ni ngumu kweli! Siku tatu Henry alichora, na kila siku mkono ulizidi kuwa hodari, wakati mwenyewe haamini kama amewahi kuifanya. Hapo ikajulikana kumbukumbu sio moja. Ya matukio ina njia yake, na ya mikono ina njia yake. Mwaka 1957 Scoville na Brenda waliandika habari ya Henry, na mpaka leo wanafunzi wa ubongo wanaisoma.

Suzanne Corkin, mwanafunzi wa Brenda, akaendelea kumpima Henry tangu 1962 hadi Henry alipofariki mwaka 2008. Miaka yote hiyo dunia ilimjua kwa herufi mbili tu, H.M., kumlinda. Jina lake lote lilitangazwa baada ya kifo.

Sasa turudi kwetu. Sisi vijana wa kujitolea tumewahi kuwa wakalimani wa watu waliokuja na karatasi zao za maswali: unakumbuka nini cha vita, unalalaje, unaota nini. Watu walijibu, wengine wakilia. Wageni wakashukuru, wakapanda gari. Miezi ikapita. Yule mama akatukuta kwenye foleni ya maji akasema: "Wanangu, yale maneno yangu mliyapeleka wapi?" Hatukuwa na jibu.

Henry hakuweza kukumbuka nani alimuuliza nini. Mama yetu anakumbuka kila kitu, na anatujua sisi kwa majina. Swali la mwanafunzi ni jambo zuri, bila swali la Brenda tusingejua haya. Lakini yeye na Suzanne walirudi kwa Henry tena na tena. Kwa hiyo tumekubaliana: atakayekuja tena, kabla hatujatafsiri neno la kwanza, tutamuuliza atarudi lini kutusomea alichokipata. Na kwa yule mama tutaenda wenyewe, tumwombe radhi.