Upinzani Usio Uadui: Habari za Wapinzani katika Bunge la Uingereza

Wasikilizaji wetu, katika mazungumzo haya tutaeleza jinsi Waingereza walivyojifunza jambo moja lililo gumu kujifunza, nalo ni kwamba mtu aweza kuipinga serikali ya mfalme wake, asiwe adui wa mfalme wala wa nchi. Leo jambo hilo huonekana jepesi. Lakini yalipita yapata miaka 200 kabla halijakubaliwa, na katika miaka hiyo walikuwako watu waliofungwa, na wengine waliouawa, kwa sababu yake.

Kwanza na tutazame mahali penyewe. Tangu katikati ya karne ya 16 hata mwaka 1834, ulipotokea moto mkubwa, wajumbe wa Baraza la Wawakilishi walikutana Westminster katika jengo lililokuwa zamani kanisa dogo la Mtakatifu Stefano. Viti vyake vilipangwa safu mbili zinazoelekeana, kama vile waimbaji wa kanisani wakaavyo. Kwa hiyo mjumbe akisimama kusema, aliwatazama usoni wale asiopatana nao. Desturi ikawa kwamba watu wa serikali hukaa upande wa kuume wa Spika, na wapinzani upande wa kushoto. Ukumbi wa baadaye ulipobomolewa kwa mabomu mwezi wa Mei 1941, Winston Churchill alishika sana kwamba ujengwe tena kwa namna ile ile, na ndivyo ulivyojengwa, ukafunguliwa mwaka 1950.

Lakini kuelekeana kwa viti si kuvumiliana kwa watu. Katika zama za Mfalme Charles wa Kwanza, aliyepinga mashauri ya mfalme alihesabiwa kuwa mwasi. Tarehe 2 Machi 1629 mfalme alitoa amri baraza livunje kikao chake. Spika akataka kuinuka, maana Spika akiinuka kikao kimekwisha. Lakini wajumbe wengine wakamkamata, wakamkalisha kitini kwa nguvu, mpaka maazimio ya kuukataa ushuru uliotozwa bila idhini ya baraza yakasomwa. Sir John Eliot, aliyekuwa mkubwa wao katika shauri lile, alitiwa kifungoni katika ngome ya Tower mjini London, akafa humo mwaka 1632. Mwezi wa Januari 1642 mfalme mwenyewe aliingia barazani pamoja na askari ili awakamate wajumbe watano, lakini wenyewe wamekwisha kutoroka. Mwaka huo huo vita vikaanza kati ya mfalme na Bunge, na mwaka 1649 mfalme akakatwa kichwa. Basi tazameni: palipokuwa hapana njia ya kupingana kwa maneno, pande zote mbili zilishika silaha, na kila upande ukapata hasara.

Miaka mia baadaye mambo yalikuwa yamebadilika. Robert Walpole, ambaye huhesabiwa kuwa Waziri Mkuu wa kwanza, alishika madaraka tangu 1721. William Pulteney, aliyekuwa zamani rafiki yake, aligeuka kuwa mkubwa wa wapinzani wake. Yeye pamoja na Bwana Bolingbroke walianzisha gazeti mwaka 1726, wakamshambulia Walpole humo bila kuchoka. Mwaka 1733 Walpole alipotaka kubadili namna ya kutoza kodi ya mvinyo na tumbako, wapinzani walipiga kelele barazani, na watu wa miji wakapiga kelele njiani, hata ikambidi auondoe mswada wake. Alipokosa watu wa kutosha wa kumwunga mkono, mwezi wa Februari 1742, alijiuzulu. Wako waliotaka ahukumiwe, na baraza la kuchunguza matendo yake likaundwa, lakini halikufika mbali. Walpole alipewa heshima ya kabaila, akafa mwaka 1745 akiwa mtu huru. Mtawala aliweza sasa kushindwa asipoteze kichwa chake. Na mtu asiyeogopa kuuawa akishindwa, haoni sababu kubwa ya kuwaua wanaomshinda.

Hata hivyo jina la heshima la wapinzani lilikuwa halijapatikana bado. Lilikuja kwa mzaha. Tarehe 10 Aprili 1826 baraza lilikuwa likijadili mshahara wa waziri mmoja. Mjumbe John Cam Hobhouse akasema kwamba, ikiwa ni vigumu kwa mawaziri wa Mtukufu Mfalme kupingwa, ni vigumu zaidi kwa wapinzani wa Mtukufu Mfalme kulazimishwa kupinga. Baraza zima likacheka. Lakini maneno yale, «wapinzani wa Mtukufu Mfalme», hayakusahauliwa, kwa kuwa yalikuwa na maana ya kweli ndani yake: ya kwamba wapinzani nao ni watumishi wa mfalme, nao wana kazi yao katika nchi kama mawaziri walivyo na yao.

Mwaka 1937 sheria ilifuata mzaha. Bunge lilikubali kwamba mkuu wa wapinzani alipwe pauni 2,000 kila mwaka kutoka Hazina ya serikali. Wa kwanza kuupokea mshahara huo alikuwa Clement Attlee wa chama cha Leba. Mtu asiyejua habari aweza kustaajabu: serikali yampaje mshahara mtu wa kuipinga? Jibu ni kwamba wananchi hununua kwa fedha hiyo kitu chenye thamani. Wapinzani huwauliza mawaziri maswali mbele ya watu wote. Huchungua matumizi ya fedha, hata imekuwa desturi kwamba kamati ya hesabu za serikali, iliyoundwa mwaka 1861, iongozwe na mpinzani. Tena hukaa tayari kushika serikali siku ile ile wanapotakiwa na wapiga kura.

Faida yake ilionekana katika siku za hatari. Tarehe 7 na 8 Mei 1940, jeshi la Uingereza lilipokuwa limeshindwa huko Norway, baraza lilijadili jinsi vita vilivyoendeshwa. Wapinzani wakataka kura zipigwe. Serikali ya Neville Chamberlain ilipata kura 281 kwa 200. Ilishinda kwa hesabu, lakini desturi yake ilikuwa kushinda kwa kura zaidi ya 200, na watu zaidi ya 30 wa chama chake walimpinga. Leba wakakataa kutumika chini yake, naye akajiuzulu tarehe 10 Mei. Siku hiyo hiyo Churchill akawa Waziri Mkuu, na Attlee akaingia katika serikali yake. Watu hao wawili waliongoza vita pamoja. Na vita vya Ulaya vilipokwisha, katika uchaguzi wa Julai 1945, Attlee alimshinda Churchill. Yule aliyesifiwa duniani kote alitoka madarakani, akaketi upande wa kushoto wa Spika kama mkuu wa wapinzani, mpaka wapiga kura walipomrudisha mwaka 1951.

Mabunge ya Afrika ya Mashariki yalirithi mengi katika desturi hizo, lakini si yote yaliyodumu. Nchini Kenya chama cha KADU kilijivunja mwaka 1964 kikaingia KANU, na mwaka 1982 sheria ikaruhusu chama kimoja tu, mpaka ilipofutwa mwaka 1991. Tanzania nayo ilikuwa na chama kimoja kwa sheria tangu 1965 hata 1992. Wenye kutetea chama kimoja walisema kwamba nchi changa yahitaji umoja, wala neno hilo si la kudharauliwa. Lakini habari tulizoeleza zatufundisha kwamba kupingana hakwishi kwa kukatazwa. Huhama tu mahali pa wazi kwenda mahali pa siri. Serikali isiyosikia neno la kupingwa barazani italisikia siku nyingine mahali pengine, na pengine siku hiyo hapatakuwa na Spika wa kuwaamuru watu waketi.