Kitabu cha Mtoto na Kitabu cha Mzee

Wasikilizaji wetu wa Musoma, Bunda na Butiama, wako wadharauo vitabu vya watoto. Natuvipime viwili.

Mwaka 1883 Robert Louis Stevenson alitoa kitabu alichowatungia wavulana. Wazee wa Uingereza nao wakakisoma kwa furaha. Mwaka 1929 kilitolewa kwa Kiswahili, "Kisiwa chenye Hazina".

Ng'ambo ya Bunda, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kutunga kwa Kikerewe hadithi ya Myombekere na mkewe Bugonoka. Ni hadithi ya watu wazima, lakini aliiandika ili desturi zisiwapotee vijana. Ilichapwa kwa Kiswahili mwaka 1980, baada ya miaka 35.

Basi ubora wa kitabu haupimwi kwa umri wa msomaji. Tena mtoto aliyenyimwa cha Stevenson, cha Kitereza atakifikiaje?