Mzinga Umeingia

Kila anayeanza kufuga nyuki huitamani siku atakayosema maneno haya mawili: "Mzinga umeingia." Wengine huongeza la tatu, "Mzinga umeingia nyuki," lakini wenye mizinga mingi hawajisumbui. Mpe sentensi hiyo mgeni anayejifunza Kiswahili aichambue, atakwama. Mzinga haukwenda popote. Umening'inia kwenye tawi lake tangu siku ulipofungwa waya. Walioingia ni nyuki, na wameingia humo humo kwenye mzinga. Iweje basi mzinga ndio uwe kiima?

Sisi hatuoni ajabu, kwa sababu ndivyo tunavyosema kila siku. Mtumbwi umeingia maji. Unga umeingia wadudu. Nyumba imeingia nyoka. Katika zote hizo kuna kitu kilichokuwa kimetulia mahali pake, kikaingiwa na kingine ambacho hakikuomba ruhusa. Mwenye mtumbwi, mwenye unga na mwenye nyumba hawatajwi. Vivyo hivyo mwenye mzinga. Alichonga, akapanda mti, akatundika, akasubiri miezi, na siku nyuki walipokuja sarufi ikamwacha nje ya sentensi.

Nilichelewa kuliona hilo. Nilipotundika mizinga yangu minne ya kwanza niliandika juu ya ukurasa wa daftari: "Kukamata nyuki pori." Kila Jumamosi nilikwenda kuangalia kama nimekamata. Miezi mitatu ikapita, nikawa ninakamata buibui tu. Nilikuwa nimekosea mambo mengi, na kosa mojawapo lilikuwa pale juu ya ukurasa, kwenye kitenzi.

Polisi hukamata. Mama hukamata kuku jioni mgeni akija. Anayekamata huufuata mwili wa anayekamatwa, humshika, na aliyeshikwa hana la kusema. Watundikaji wa Tabora na Katavi, ambako mizinga huhesabiwa kwa mamia katika misitu ya miombo, wana vitenzi vingine: kutundika mizinga, kutega mizinga. Na kutega si kuwinda peke yake. Twatega ndoo chini ya bati mvua ikianza, twatega sikio, na mtoto akisema "Kitendawili!" twamjibu "Tega!" Aliyetega ndoo hakamati mvua. Aliyetega kitendawili ameuliza swali, naye sharti anyamaze angoje jibu.

Mzinga mtupu juu ya mti ni swali la aina hiyo, na wanaolijibu wanajulikana. Mwaka 1949, katika mji wa Munich uliobomolewa na vita, Martin Lindauer, mwanafunzi wa Karl von Frisch, alilitazama bumba la nyuki lililoning'inia kichakani, akaona baadhi yao wakicheza juu ya migongo ya wenzao. Von Frisch alikuwa ameshaonyesha kwamba nyuki hucheza ili kuelekezana kwenye maua, kazi iliyokuja kumpatia Tuzo ya Nobeli mwaka 1973. Lakini hawa wa Lindauer hawakubeba chavua. Walikuwa wachafu: huyu ana masizi, yule ana vumbi jekundu la matofali. Walikuwa wametoka kukagua mabomba ya moshi na kuta zilizobomoka, wakitafuta nyumba. Kila mmoja alisifia mahali alipopaona. Wengine walikwenda kuhakikisha, na mwisho wakakubaliana mahali pamoja. Baadaye Thomas Seeley wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alipima nafasi wanazozipenda nyuki wa kule. Akakuta wanachagua uwazi wa lita 40 hivi, ulio juu, wenye mlango mdogo. Nyuki wetu huridhika na nafasi ndogo zaidi, lakini ukaguzi ni ule ule.

Wakaguzi hao kwa Kiswahili huitwa nyuki wapelelezi. Neno linaeleweka, ila mpelelezi huenda kwa siri na hurudi kunong'ona. Hawa hurudi kutangaza mbele ya ukoo mzima. Mimi wananikumbusha washenga: wanatumwa, wanatazama nyumba, wanarejea kuisifia, na wakubwa ndio wanaoamua. Sidai kamusi ibadilishwe. Nasema tu kwamba tangu nilipoanza kuwaita washenga nimejifunza kuuandaa mzinga kama nyumba inayongoja posa. Nausugua kwa nta ndani. Nafikicha majani ya mchaichai mlangoni, kwa kuwa harufu yake inakaribiana na ile wanayoitoa nyuki wanapoitana. Naziba nyufa, nafuta utando wa buibui. Waya napaka grisi ili siafu wasishuke.

Sasa tuje kwa kundi lenyewe, kwani hapa lugha yetu ina mali ambayo haijapangwa.

Vitabu vya mafunzo hutumia neno moja, kundi. Kundi liko mzingani, kundi liko tawini, kundi limekuja, kundi limeondoka. Lakini kamusi zetu zina bumba, fungu la vitu vilivyogandamana, na bumba la nyuki limo humo tangu zamani. Kinachoning'inia tawini kama ndevu, maelfu ya nyuki walioshikana miguu wakimzunguka mama yao, ni bumba. Hakina sega, hakina akiba, hakina mlango. Kundi lina nyumba. Tofauti hii inamfaa mwanafunzi kuliko mtu mwingine yeyote, maana bumba haliwi kundi mpaka likubali kujenga.

Lipo pia swali la kwa nini wameondoka walikokuwa. Kwa kawaida tunajibu kwa neno moja, "wamehama," kumbe kuna safari tatu tofauti.

Ya kwanza ni ya uzazi. Chakula ni tele, nyumba imejaa, nyuki vibarua wanalea mamalkia wapya. Malkia mkongwe anatoka na sehemu kubwa ya vibarua, na nyumba pamoja na akiba na majana anamwachia binti. Vitabu husema kundi limegawanyika. Neno hilo linanuka ugomvi, tena tunalihitaji kwa kazi nyingine, pale mfugaji anapoligawa kundi kwa mkono wake. Ningesema kundi limemeguka, kama tonge linavyomeguka kwenye bonge la ugali na bonge likabaki. Wilaya humegwa kutoka wilaya mama, na hakuna anayedhani ile mama imekufa.

Ya pili ni ya kero. Mzinga umefunguliwa vibaya, moto umepita chini, siafu wamepanda, nyegere ameuangusha, au jua linaupiga mchana kutwa. Wote wanaondoka, hata majana wanayaacha. Watu wa pwani wana kitenzi cha kuondoka mahali palipokukera: kugura. Nyuki hao wamegura.

Ya tatu ni ya msimu. Maua yamekwisha, maji yamekauka, na kundi linafuata mvua kama wafugaji wa ng'ombe wanavyofuata malisho. Hawaondoki kwa pupa. Malkia hupunguza kutaga, wadogo waliobaki hungojewa wakue, kisha wote hutoka na kuacha masega matupu. Hao ndio waliohama kweli.

Mtu ataona huu ni ufundi wa maneno tu. Afungue mzinga ulioachwa. Akikuta nyuki wachache, akiba na majana, kundi limemeguka na bado lipo, afunge taratibu. Akikuta majana yamekufa humo segani, nyuki wamegura, na kosa lipo mahali fulani alitafute. Akikuta masega makavu, safi, wamehama. Asafishe, apake nta, angoje msimu. Neno linamwambia mkono ufanye nini. Na kwa anayelitaka bumba la tawini tofauti ni ile ile. Lililomeguka limetoka nyumbani limeshiba asali na halina majana ya kuyalinda, hivyo kwa kawaida huwa pole. Lililohama limesafiri mbali, lina njaa, na subira yake ni fupi. Avae mavazi ya kinga kwa yote mawili.

Nimetaja majana nikakumbuka kwamba msomaji wa mjini anaweza kudhani nazungumzia siku iliyopita. Jana ni mtoto wa nyuki, buu lililo ndani ya sega, na wingi wake ni majana. Warina asali huonyana wasikate sega la majana. Katika lugha yote ya nyuki sijui neno linalochezewa na bahati kama hili: majana ndiyo kesho ya kundi.

Lipo na neno malkia. Ulaya walimwita mfalme kwa karne nyingi, kisha Jan Swammerdam, Mholanzi wa karne ya 17, akampasua na kukuta amejaa mayai. Sisi tulilipokea neno likiwa limeshasahihishwa jinsia, lakini cheo kimebaki. Cheo hicho kinampotosha mwanafunzi. Bumba linapomeguka si malkia anayeamuru. Vibarua hupunguza kumlisha siku kadhaa kabla, awe mwepesi wa kuruka, kisha humtoa nje. Nyumba mpya huchaguliwa na washenga, yeye akingoja. Akiitwa mama, kama wanavyomwita baadhi ya wafugaji, utaratibu wote unaeleweka mara moja.

Angalia sasa maneno haya yalikotoka. Nyuki, nta na mzinga ni ya Kibantu. Wanyarwanda na Waganda wanauelewa mzinga, umuzinga kwa wa kwanza na omuzinga kwa wa pili. Ni kitu chochote cha mviringo chenye uwazi ndani, ndiyo maana mizinga ya Wareno iliyoshambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505, na ile 21 inayopigiwa marais, ilipewa jina la nyumba ya nyuki. Vijana wa Dar es Salaam nao wanapiga mizinga kwa kuomba hela. Lakini asali ni ya Kiarabu. Lugha jirani zimetunza neno lililozaliwa na nyuki mwenyewe: inzuki na ubuki kwa Kinyarwanda, njuchi na uchi kwa Kichewa, ambalo Mswahili akilisikia likinadiwa sokoni Blantyre lazima ageuke atazame. Kwetu kilichouzwa kilichukua jina la sokoni, kilichobaki msituni kikabaki na lake.

Nalisema hili kwa sababu ya kitenzi fuga. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2002 ni ya ufugaji nyuki, chuo cha Tabora ni cha ufugaji nyuki, nami najiita mfugaji. Lakini ng'ombe anayefugwa hufungiwa. Nyuki walio kwenye mzinga wangu na walio kwenye tundu la mbuyu ng'ambo ya mto ni wale wale. Mwaka huu wako kwangu, mwakani wako kule, na hakuna kizazi kilichozaliwa kikiwa "cha kufugwa." Sura ya 16 ya Kurani, inayoitwa kwa jina la nyuki, inawataja wakielekezwa kufanya makao milimani, mitini na katika wanavyojenga watu. Sisi ni wa tatu katika orodha hiyo. Neno fuga limeshakaa na sitalipinga, ila "nyuki pori" nimelifuta daftarini, kwani halitofautishi chochote.

Hata anayelikung'uta bumba kutoka tawini hajakamata. Hulinyunyizia maji, huweka sanduku chini, hutikisa tawi kwa nguvu mara moja. Kisha hukaa pembeni. Mama yao akiwa ameangukia ndani, vibarua husimama mlangoni, matumbo juu, wakipepea mbawa na kuita wenzao, na walio hewani hushuka wakaingia mmoja mmoja hadi giza liingie. Akiwa amebaki tawini, wote hurudi tawini. Kilichoamua si sanduku.

Wasanifu wa istilahi wana kawaida ya kuanza na neno la kigeni na kulitafutia mwenzake. Katika fani hii wangeanza kwenye manzuki, kama tunavyoliita eneo la mizinga, neno ambalo masikio yangu yanalisikia karibu na inzuki ya Wanyarwanda kuliko karibu na kitabu chochote. Wewe msomaji uliye Sikonge, Kitui, Mpanda au Pemba, ukiwa na mzazi au jirani anayetundika, muulize analiitaje lile fungu la tawini, na anasemaje wanapoondoka na kuacha majana. Andika jibu lake kama alivyolitamka, na jina la mahali. Mimi nimeanza na maneno tisa. Mizinga yangu minne, mpaka leo, umeingia mmoja.